Kujenga seva ya VPN nyumbani kwa ajili ya familia: anza na anwani, mashine itafuata

Seva ya VPN (njia binafsi iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti) ninayoieleza hapa ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo iliyokaa juu ya kabati la televisheni nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, na inahudumia watu wanne: mama aliye Tanga, binti yangu anayesoma Dodoma na kulala hosteli, mdogo wangu anayefanya kazi Muscat, na mimi mwenyewe ninapokuwa safarini. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kutupa njia iliyosimbwa ya kufikia vitu vilivyo ndani ya nyumba, yaani rekodi za kamera ya getini na diski yenye picha za familia, bila kuviacha wazi kwenye intaneti. Ya pili ni kumwezesha aliye kwenye WiFi ya hoteli au ya hosteli kupitisha mawasiliano yake yote nyumbani kwanza, ili mwenye WiFi ile asijue anatembelea tovuti zipi.

Kuna jambo ambalo seva hii haifanyi, na ni vyema lieleweke kabla ya fedha kutoka mfukoni. Anayepitia kwenye seva yako anatokea intaneti akiwa na anwani ya IP ya nyumba yako, ile namba inayokutambulisha mtandaoni, kwa hiyo tovuti ambayo haifunguki Tabata haitafunguka kwake pia, na mtoa huduma wako wa intaneti ataona safari zake kama anavyoona zako. Maana yake ni kwamba lolote atakalolifanya shemeji au mpwa kupitia laini hiyo litaonekana limefanywa na wewe. Mimi nimeigawa kwa watu wa damu tu, na rafiki aliyeomba nilimweleza sababu hiyo hiyo.

Upande wa sheria, aliye Tanzania akumbuke kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu binafsi na kampuni zinazotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Soma tangazo hilo na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 kabla ya kuwasha chochote. Ndugu walio Ghuba nao wafuate sheria za huko waliko. Falme za Kiarabu, kwa mfano, zina sheria ya mwaka 2021 inayotoza faini ya kuanzia dirhamu 500,000 hadi 2,000,000 kwa anayeficha anwani yake ya IP kwa lengo la kutenda kosa au kuzuia kosa lisigundulike. Najua wengi wataka kujua habari za kutumia VPN kupigia simu za WhatsApp huko, lakini hilo silifundishi: mdogo wangu anatumia seva kuangalia kamera na picha, basi.

Hatua ya kwanza: hakikisha nyumba yako ina anwani ya umma

Nilinunua vifaa kwanza ndipo nikauliza maswali, na kosa hilo lilinila siku tatu za kubadilisha mipangilio ya ruta isiyokuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa juu yake. Watoa huduma wengi wana wateja wengi kuliko anwani za IPv4 (mtindo wa zamani wa anwani za IP) walizonazo, kwa hiyo huwakusanya wateja nyuma ya anwani moja ya umma, kama wapangaji wa nyumba moja wanaotumia sanduku moja la posta. Barua za kutoka zinatoka vizuri, ila barua ya kuingia iliyoandikwa namba ya sanduku peke yake haijulikani ni ya chumba kipi. Seva ya VPN huishi kwa barua za kuingia.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Fungua ukurasa wa ruta yako, ambao mara nyingi uko kwenye 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha utafute anwani ya IP iliyoandikwa upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Halafu, ukiwa kwenye WiFi ya nyumbani, fungua tovuti ya ifconfig.me uone anwani ambayo dunia inakuona nayo. Anwani hizo mbili zikilingana, endelea na hatua ya pili. Zikitofautiana, na hasa ile ya kwenye ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au ikianza na 10, basi wewe ni mpangaji wa sanduku la pamoja. Ruta za laini za simu za 4G karibu zote ziko hivyo, na Starlink ya majumbani nayo iko hivyo kwa kawaida.

Aliyekwama hapa ana njia tatu. Anaweza kumwomba mtoa huduma ampe anwani ya umma, ambayo mara nyingi ina nyongeza ya malipo ya kila mwezi. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, baada ya kupiga simu mara nne na kuelezwa mara tatu kwamba niwashe upya ruta. Anaweza kutumia Tailscale, huduma inayotumia teknolojia ile ile nitakayoieleza hapa chini lakini yenye ufundi wa kupenya sanduku la pamoja, na ina mpango usio na malipo kwa matumizi binafsi. Gharama yake ni kwamba orodha ya vifaa vyako inatunzwa na kampuni nyingine. Njia ya tatu ni kukodi seva ndogo nje ya nchi na kuifanya kituo cha kupokea na kupeleka, jambo linalofanya kazi vizuri lakini linakuongezea mashine ya pili ya kuilinda. Kwa familia isiyo na fundi wa pili, ningechagua Tailscale kabla ya hiyo ya tatu.

Hatua ya pili: pima kasi ya kupakia, si ya kupakua

Matangazo ya faiba hutaja kasi ya kupakua. Seva ya nyumbani hutegemea ile nyingine, kwa sababu kila anachokipakua binti aliye Dodoma kinaingia Tabata kwa njia ya kupakua kisha kinatoka Tabata kwa njia ya kupakia. Video ya HD hula takribani megabiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo laini yenye megabiti 10 za kupakia itawabeba watazamaji wawili kwa shida. Kama intaneti yako ya nyumbani ni ya bando lenye kikomo, zidisha mara mbili: gigabaiti moja anayoitumia ndugu yako inahesabiwa ikiingia na inahesabiwa tena ikitoka, na bando la simu yake linaliwa vile vile.

Hatua ya tatu: mashine na programu

Raspberry Pi 4, kadi ya SD ya gigabaiti 32 na adapta yake halisi vinatosha. Usitumie chaja ya simu, kwani umeme ukiwa hafifu mashine hujizima yenyewe na kadi huharibika. Mashine hii hula kama wati 5, sawa na uniti zisizofika 4 za LUKU kwa mwezi. Iunganishe kwenye ruta kwa kebo badala ya WiFi, na uiweke pamoja na ruta kwenye UPS ndogo, maana umeme ukikatika Tabata aliye Muscat naye anakatika. Kompyuta kuukuu inayotumia Linux inafaa pia, ila itakula umeme zaidi.

Andika Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wake, kwenye kadi kwa kutumia Raspberry Pi Imager, ukichagua toleo la Lite lisilo na skrini ya madirisha, na humo humo uweke jina la mtumiaji, nenosiri refu, na ruhusa ya SSH (njia ya kuiongoza mashine kwa amri kutoka kompyuta nyingine). Mashine ikishawaka, ingia kwa SSH, sasisha mfumo, kisha sakinisha vinavyohitajika:

sudo apt update && sudo apt full-upgrade
sudo apt install wireguard iptables qrencode

WireGuard, programu ya VPN tutakayoitumia, iliandikwa na Jason A. Donenfeld na imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Nimeichagua badala ya OpenVPN, programu nyingine ya kazi hiyo, kwa sababu faili lake la mipangilio lina mistari kumi hivi ambayo mtu anaweza kuisoma na kuielewa yote, na kwa sababu simu inapohama kutoka WiFi kwenda data mawasiliano hayakatiki.

Kabla hujaendelea, badilisha namba za mtandao wa nyumbani. Ushauri huu huonekana wa ajabu, lakini ndio uliotatua fumbo lililonisumbua kuliko yote: binti alikuwa ameunganishwa vizuri, tovuti zote zikifunguka, ila kamera ya getini yenye anwani 192.168.1.20 haifunguki kabisa. Hosteli nayo ilikuwa inatumia 192.168.1, kama zinavyotumia ruta nyingi zinapotoka dukani, na simu yake ilikuwa ikiitafuta kamera ndani ya hosteli. Niliingia kwenye ruta ya Tabata nikaweka 192.168.57, namba ambayo hutaikuta mara kwa mara, na kamera ikaonekana jioni ile ile. Kwenye ukurasa huo huo wa ruta, ipangie Raspberry Pi anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.57.10.

Hatua ya nne: funguo na faili la seva

Kila kifaa katika WireGuard kina jozi ya funguo: wa siri, ambao hautakiwi kutoka kwenye kifaa chake, na wa umma, ambao waweza kuubandika hata ukutani. Tengeneza jozi ya seva hivi:

sudo -i
umask 077
cd /etc/wireguard
wg genkey | tee seva.siri | wg pubkey > seva.umma

Amri ya umask huhakikisha kwamba mafaili hayo hayasomwi na mtumiaji mwingine wa mashine, kwa hiyo usiiruke. Kisha fungua faili jipya kwa amri ya nano wg0.conf na uandike:

[Interface]
Address = 10.57.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SEVA
PostUp = iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.57.0.0/24 -o eth0 -j MASQUERADE
PostDown = iptables -t nat -D POSTROUTING -s 10.57.0.0/24 -o eth0 -j MASQUERADE

# simu ya mama
[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_UMMA_WA_SIMU_YA_MAMA
AllowedIPs = 10.57.0.2/32

Badala ya maneno ya herufi kubwa utaweka funguo zenyewe, ambazo ni mistari ya herufi 44 inayoishia na alama ya =. Neno eth0 ni jina la tundu la kebo. Lihakikishe kwa amri ya ip route, kwani kwenye kompyuta nyingine huitwa vingine. Mistari ya PostUp na PostDown ndiyo inayowaruhusu wageni wa VPN watoke kwenda intaneti kwa kutumia anwani ya seva, lakini haitafaa kitu mpaka uiruhusu Linux ipitishe pakiti (vipande vya data) za wengine:

echo net.ipv4.ip_forward=1 > /etc/sysctl.d/99-vpn.conf
sysctl --system
systemctl enable --now wg-quick@wg0

Amri ya mwisho huiwasha seva sasa na kila mara mashine itakapowaka tena.

Hatua ya tano: mlango wa ruta na jina la nyumba

Rudi kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya kuelekeza poti (milango yenye namba), na uagize kwamba kila pakiti ya UDP inayoingia kwa poti 51820 ipelekwe 192.168.57.10. UDP na TCP ni namna mbili za kusafirisha data: chagua UDP, TCP haitumiki hapa. Usifungue poti 22 ya SSH kwa hali yoyote, kwa kuwa ukishakuwa na VPN utaingia kwenye mashine kupitia VPN hiyo hiyo. Baadaye ukijaribu tovuti za kukagua poti zitakuambia imefungwa, na usishtuke: WireGuard haimjibu kabisa asiye na ufunguo, kama mwenye nyumba anayechungulia dirishani na kukaa kimya.

Anwani yako ya umma inaweza kubadilika kila ruta inapozimwa, kwa hiyo nyumba inahitaji jina. DuckDNS hutoa jina bila malipo. Jisajili, chagua jina, chukua tokeni (msimbo wa siri) uliyopewa, kisha kwa amri ya crontab -e ongeza mstari huu, ambao huwataarifu kila baada ya dakika tano anwani yako ni ipi:

*/5 * * * * curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=JINA&token=TOKENI&ip=" > /dev/null

Kwa kawaida simu hulitafsiri jina hilo wakati wa kuwashwa kwa VPN tu. Anwani ikibadilika katikati, aliye mbali atahitaji kuizima VPN na kuiwasha tena, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia yeyote anayenipigia simu kulalamika.

Hatua ya sita: simu za ndugu

Aliye mbali asitumiwe ufunguo wa siri kwa WhatsApp. Mwambie asakinishe programu ya WireGuard kutoka duka la programu la simu yake, achague kutengeneza muunganisho mpya kuanzia mwanzo, abonyeze pa kuzalisha funguo, kisha akutumie ule wa umma peke yake. Ufunguo wa umma unaweza kupita hata kwenye kundi la ukoo bila madhara. Wewe utauweka kwenye faili la seva na kumrudishia maelezo haya ya kujaza:

[Interface]
Address = 10.57.0.2/32
DNS = 1.1.1.1

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_UMMA_WA_SEVA
Endpoint = JINA.duckdns.org:51820
AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0
PersistentKeepalive = 25

Aliye karibu nawe ni rahisi zaidi: tengeneza jozi yake kwenye seva, andika faili kama hilo pamoja na mstari wa PrivateKey chini ya Interface, kwa mfano mama.conf, na amri ya qrencode -t ansiutf8 < mama.conf itachora msimbo wa QR kwenye skrini ili auskani. Msimbo huo una ufunguo wa siri ndani yake, kwa hiyo usipigwe picha, na faili lifutwe simu ikishapokea.

Mstari wa AllowedIPs ndio wa kufikiria. Ukiandikwa kama nilivyouandika, mawasiliano yote ya simu yatapita Tabata, na ya IPv6 (mtindo mpya wa anwani), ambayo vinginevyo yangetoka pembeni bila ulinzi, yatazuiwa. Ukiandikwa 10.57.0.0/24, 192.168.57.0/24, ni safari za kwenda nyumbani tu zitakazopita humo, na YouTube itaendelea na njia yake ya kawaida. Simu ya mdogo wangu ina miunganisho yote miwili, ila huu wa pili ndio anaouacha umewaka kutwa, kwani kuizungusha video ya Muscat mpaka Dar es Salaam na kuirudisha ni kupoteza kasi bure. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, mwenye muunganisho wa namna hii alikosa kamera ya nyumbani lakini hakukosa intaneti. Miunganisho yote miwili itumie jozi moja ya funguo ndani ya simu moja, mradi isiwashwe kwa pamoja.

Vifaa viwili kushiriki ufunguo mmoja, hapana. Nilipokuwa Tanga nilimskania mama msimbo ule ule kwenye simu na kwenye kishikwambi, kwa uvivu wa kutengeneza jozi nyingine. Wiki iliyofuata akanipigia: "Mwanangu, hiki kishikwambi kina mdudu. Nikikiwasha, simu inakufa; nikiwasha simu, chenyewe kinakufa." Alikuwa ameeleza sawasawa kabisa kinachotokea. Seva hukumbuka mahali pamoja tu kwa kila ufunguo, pale ilipotoka pakiti ya mwisho, na vile vifaa viwili vilikuwa vinanyang'anyana mahali hapo. Kishikwambi kikapewa ufunguo wake na anwani yake, 10.57.0.3, na mdudu akaondoka.

Kila unapoongeza kifaa kwenye wg0.conf, anzisha seva upya kwa amri ya systemctl restart wg-quick@wg0.

Hatua ya saba: kujaribu

Zima WiFi kwenye simu utumie data, kwa sababu ruta nyingi haziwezi kumrudisha mtu ndani kwa kutumia jina la nje na utadhani umekosea. Washa VPN, kisha kwenye seva uandike wg show. Usiamini swichi ya kwenye programu. Huonyesha imewaka hata kama hakuna anayejibu upande wa pili. Kinachoaminika ni mstari unaoanza na latest handshake, ambao unatakiwa uonyeshe muda usiozidi dakika mbili na ushee simu inapotumika. Ukikosekana kabisa, kagua anwani ya umma, poti kwenye ruta, na funguo kwa mpangilio huo. Ukiwepo lakini tovuti hazifunguki, tatizo liko kwenye ip_forward au kwenye jina la eth0. Kuna sababu moja ya nadra iliyonipata kwenye simu ya zamani ambayo betri ilizimika na tarehe ikarudi nyuma miaka kadhaa: seva hukataa salamu yenye wakati uliotangulia ile iliyokwisha kuipokea, kwa hiyo rekebisha tarehe ya simu.

Matunzo

Sakinisha unattended-upgrades ili masasisho ya usalama yajiweke yenyewe. Nakili folda ya /etc/wireguard kwenye flashi na uifungie mahali, kwa kuwa kadi za SD hufa bila kuaga, na bila nakala hiyo utalazimika kumpigia kila ndugu mmoja mmoja kumpa ufunguo mpya wa seva. Simu ya ndugu ikiibiwa, usingoje apate nyingine: soma ufunguo wake wa umma kwenye wg0.conf, andika

wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_UMMA remove

kisha futa mistari yake kwenye faili lenyewe, la sivyo simu hiyo itarudi siku umeme utakapokatika na seva kujiwasha upya. Ndiyo maana juu ya kila kifaa nimeandika jina la mwenyewe kwa alama ya #, maana saa tano za usiku, ndugu akiwa analia kwenye simu, funguo zote zinafanana.